Kwa Nini Bi Harusi Hubeba Tenga la Mboji

Nietiwe, acha kuninunia. Kaa hapa kwenye kigoda, shika kisu, menya ndizi na wenzako. Nimekusikia ukimwambia mama yako kwamba gauni lako ni jeupe na tenga lile linanuka, na kwamba vitu hivyo viwili haviwezi kupanda gari moja. Mama yako amenyamaza kwa sababu kesho unaolewa na hataki kukuliza. Mimi sina woga huo. Nilikuogesha ukiwa huna hata jino moja. Basi nitakueleza tenga lile lilianzia wapi, na nikimaliza, ukitaka kuliacha, liache. Sitasema neno. Nitanuna tu, na kununa kwangu wote hapa mnakujua.

Na nyinyi wengine, sikilizeni huku mnamenya. Maganda yasidondoke ovyo, yatieni kwenye ungo huo hapo katikati.

Kulikuwa na wakati udongo ulikuwa na ulimi. Ulikuwa ulimi mmoja, mrefu, mwekundu, umejilaza chini ya mashamba yote ya Kishongo, kijiji cha wazee wetu kule juu mgongoni mwa mlima. Kwa ulimi huo udongo ulizungumza kama mnavyozungumza nyinyi, ila sauti yake ilikuwa nene, ya mtu ambaye ndiyo kwanza anaamka. Asubuhi uliwasalimu waliotangulia shambani, ukawauliza watoto wameamkaje, ukalalamika kidogo kuhusu baridi. Mkulima wa wakati ule hakuwa na haja ya kubahatisha. Akitaka kupanda maharage palipotoka magimbi, udongo ulimwambia hapo nimechoka, sogea pale karibu na mgomba. Aliyesikia alivuna, na asiyesikia aliambiwa mbele za watu kwamba hakusikia.

Ulikuwa na tabia moja tu. Ulipenda kula. Watu walipoketi kuzunguka chungu, kabla hata tonge la kwanza halijafika mdomoni, sauti ilitoka chini: "Na mimi je?" Wala haukutaka chakula chenyewe, tusiusingizie. Ulitaka kilichobaki. Maganda ya ndizi, makapi ya maharage, majani yaliyopukutika, magugu yaliyong'olewa, mabua baada ya mavuno. Samadi ya ng'ombe ndiyo iliyokuwa ugali wake, na majani makavu ndiyo mboga. Majivu uliyataka kidogo, kama sisi tunavyotaka chumvi, na ukizidishiwa uliguna. Samadi mbichi uliikataa katakata. Ulisema inauchoma, iacheni kwanza ipoe.

Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na biwi lake uani, rundo la takataka zote hizo, limefunikwa majani ya mgomba. Lilinyunyiziwa maji, likageuzwa, likaachwa lipate moto wake lenyewe, mpaka vyote vikaiva pamoja vikawa kitu kimoja cheusi, chepesi, kisichonuka tena ila harufu ya msituni asubuhi. Hiyo ndiyo mboji. Udongo ulipopewa mboji ulikula taratibu, na ukishashiba ulicheua. Watu walicheka, wakasema asante na wewe.

Ndiyo maana Kishongo ndizi zilikuwa zikiwekewa miti ya kuzishikilia zisiangushe migomba, na mtoto akila kibakuli kimoja cha maharage alishinda akiruka mpaka jua kuzama. Chakula kilikuwa na ladha, na ndani ya ladha hiyo mlikuwa na nguvu.

Sasa, mkuu wa Kishongo wakati huo alikuwa kijana aitwaye Mrindwa. Alikuwa mtu mzuri, mkarimu, mwenye kupenda usafi, na mwenye kupenda kusifiwa zaidi ya usafi. Ndiyo kwanza alikuwa ameoa binti mmoja mpole, Nakiete, ambaye siku alipoingia Kishongo kama bi harusi udongo ulimsalimu kabla ya mama mkwe. "Karibu, mwanangu," ulimwambia, "umekuja na nini?" Nakiete aliona haya, kwa sababu hakuja na kitu cha udongo. Udongo ukacheka, ukamwambia usijali, utakula na mimi hapa hapa.

Siku moja wakaja wageni wakubwa kutoka milima ya mbali, kuzungumzia mfereji wa maji. Mrindwa akachinja mbuzi, akawakalisha kwenye ngozi mpya, akasimama kutoa hotuba. Alikuwa ameiandaa tangu mwezi uliotangulia. Alipofika mahali pazuri kabisa, pale aliposema kwamba Kishongo ni watu wa heshima wasioomba kitu kwa mtu, sauti ikatoka chini ya miguu yake: "Na mimi je?" Wageni wakatazamana. Udongo ukafikiri haukusikika, ukarudia kwa nguvu zaidi. Mgeni mmoja alikuwa na pombe ya miwa mdomoni, ikamtokea puani. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na walipoondoka Mrindwa aliwasikia njiani wakiitana, "Na mimi je?" na kucheka upya.

Mrindwa hakulala. Kesho yake akawakusanya watu, akawaambia, "Tumekuwa kichekesho kwa sababu tunaishi na uchafu na tunauongelesha. Kuanzia leo taka zote ni korongoni." Akaagiza kila nyumba ifagie kila siku na kutupa kila kitu kwenye korongo linaloshuka upande wa magharibi, maganda, samadi, majani na yote. Baada ya mavuno mabua yachomwe, na mashamba yafagiliwe kwa ufagio kama ua wa nyumba. Na ili watu wapende kazi hiyo, akaweka mashindano. Mwenye shamba safi kuliko yote ndiye atakayekunywa kibuyu cha kwanza siku ya sherehe ya mavuno.

Mnacheka, lakini nani hapa hapendi kusifiwa kwa usafi? Watu wa Kishongo walifagia. Walifagia mpaka mashamba yakang'aa kama kibao cha kukandia unga. Majirani walichunguliana, na mwanamke aliyekutwa na jani moja chini ya mgomba alitungiwa wimbo.

Mwanzoni hakuna lililoharibika, kwa kuwa udongo ulikuwa mnene na ulikula akiba ya mwili wake. Uliendelea kuuliza kila mlo, "Na mimi je?" na watu wakajifanya hawasikii. Baadaye sauti ikakauka. Baadaye ikawa kama mtu anayenong'ona akiwa amefunikwa blanketi. Halafu siku moja watu wakala mlo mzima na hakuna aliyeuliza kitu. Mrindwa akafurahi, akasema mmeona, umejifunza adabu.

Kumbe ulimi ulikuwa umeondoka. Ulifuata chakula. Uliteleza korongoni nyuma ya maganda na samadi, na mawe ya korongo ni makali, yakaukatakata vipande vidogovidogo. Lakini ulimi wa udongo haufi kwa kukatwa. Kila kipande kikaishi, kikaendelea kushuka kwa tumbo, bila macho wala miguu, maana ulimi una haja gani na macho? Vikafika bondeni, mahali ambapo mvua zilikuwa zikitua kila kitu ambacho Kishongo walikitupa. Huko vikala, vikazaana.

Huku juu mambo yakaanza kuwa mabaya. Jembe likawa likigonga ardhi linalia kama limegonga chungu. Mvua ikinyesha maji hayakuingia, yalikimbia juu juu na kuchukua kilichobaki. Maharage yakawa madogo, hata kuku aliyaangalia mara mbili. Majani ya migomba yakawa ya njano, na mkungu mzima wa ndizi mtu aliubeba kwa mkono mmoja huku akijikuna kwa mwingine. Watoto walikula wakashiba na bado wakasinzia mchana. Inauma kuwasema, kwa sababu hawakuwa wavivu. Hakuna watu waliofanya kazi kama wale, ila kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwamaliza.

Wakatafuta wa kumlaumu, na kama kawaida wakawaona wageni wa nyumbani, yaani maharusi. Ilikuwa desturi yao kwamba bi harusi akiingia hupewa kishamba kidogo uani, apande maharage kwa mikono yake, na siku ya sherehe ya mavuno chungu chake hufunuliwa mbele za watu. Zamani hiyo ilikuwa siku ya vigelegele. Sasa vyungu vikawa vinafunuliwa vitupu, na wazee wakasema msichana huyu ana mkono mkavu, arudishwe kwao. Akarudishwa, na mwaka uliofuata akarudishwa mwingine. Wanaume wa Kishongo wakabaki kujipikia, na wengi wao walikuwa hawajui hata kuchemsha magimbi.

Wakati huo Mrindwa alikuwa ameshaota mvi, na Nakiete pia. Kijana wao Kajiru alikuwa amefikia umri wa kuoa na hapakuwa na baba mlimani aliyekubali kumpa binti. Siku moja akashuka korongoni kukata fito, akashuka zaidi ya alivyozoea, akatokea bondeni. Huko akakuta migomba iliyoegemezwa miti na magimbi yenye majani mapana ya kujifunikia mvua. Msichana mmoja, Nanzia, alikuwa akichoma ndizi nje ya nyumba ya mama yake. Akamkaribisha. Kajiru akala ndizi moja, akaomba nyingine, akaendelea mpaka akaona aibu, akajifanya anaondoka. Alirudi siku iliyofuata akidai alisahau panga, na panga lilikuwa kiunoni.

Basi wakapendana, na mahari ikapokelewa. Lakini Kajiru alikuwa mkweli. Alimwambia, "Nanzia, kwetu chungu kikifunuliwa kitupu mke hurudishwa. Sina nguvu ya kuwapinga wazee wote, na nikikukosa sijui nitaishi vipi." Nanzia akamwambia atulie. Ila alipobaki na mama yake alilia, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumpenda.

Mama yake hakuwa na ng'ombe wa kumpa wala shanga. Alichukua tenga, akaenda kwenye biwi lililokuwa nyuma ya nyumba, akachota mboji ya chini kabisa, ile nyeusi iliyoiva, akajaza tenga. Akaweka na chipukizi la mgomba juu, akafunika kwa majani. "Sina kingine," alisema. "Hii imekulea. Huko uendako nayo itakulea." Nanzia akalitia tenga kichwani akapanda mlima.

Alipofika Kishongo wanawake walimpokea kwa vigelegele, kisha wakamtua tenga kwa furaha, wakidhani ni asali au unga. Wakafunua. Vigelegele vikakatika. Bi harusi alikuwa amekuja na uchafu kichwani, kwenye kijiji ambacho hata jani moja lilitungiwa wimbo. Mrindwa akakohoa, akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Mwanangu, hapa kwetu vitu kama hivi vina mahali pake. Peleka korongoni."

"Ndiyo, baba," Nanzia akajibu.

Akalibeba tenga, akazunguka nyuma ya nyumba. Hapo ndipo palipokuwa na kishamba chake, kigumu, cheupe, kimefagiliwa. Akakitazama, akakumbuka chungu. Akapiga magoti akachimba, akafukia mboji yote na chipukizi akalisimamisha pembeni. Akarudi na tenga tupu. Mama mkwe akamuuliza kama ameshatupa. Nanzia akasema, "Nimeshaiweka mahali pake, mama." Na hakusema uongo.

Kazi ya mke aliyeolewa karibuni kwa watu wale ilikuwa kubeba taka za nyumba kwenda korongoni. Nanzia aliifanya kwa bidii ya ajabu. Kila mchana, watu wakiwa kwenye mfereji au wakitafuta kuni, aliondoka na kapu limejaa na kurudi na kapu tupu, akiimba. Wakamsifu. Hawakujua kwamba kapu halikufika korongoni hata siku moja. Lilifika nyuma ya kichaka cha migomba iliyokonda, ambako alikuwa ameanzisha biwi. Alipanga samadi na makapi, akafunika kwa majani, akamwagia maji ya kuoshea vyombo, akageuza. Vilipoiva akavifukia taratibu kati ya maharage yake. Kajiru alishangaa jinsi mkewe alivyokuwa akirudi haraka kutoka korongo la mbali hivyo. Siku moja akachungulia, akaona. Tangu hapo akila ndizi alikuwa akilitia ganda kwenye kapu la mkewe kwa mkono wake mwenyewe, na Nanzia akaelewa.

Maharage yakaota. Yakapanda. Yalikuwa ya kijani kiasi kwamba ukipita haraka ungedhani mtu ameanika nguo. Watu wakaanza kunong'ona.

Siku moja Mrindwa alikuwa akimfukuza kuku aliyetoroka, anatafuna muwa, akazunguka nyuma ya nyumba akamkuta mkwe wake amepiga magoti kishambani, anafukia vitu kwa mikono huku akiongea peke yake. Mnajua nyinyi mtu anayefukia vitu shambani huku ananong'ona huitwa nani. Mrindwa akamsahau kuku. Pembe ikapulizwa, watu wakajaa uani, na neno uchawi likapita kutoka mdomo hadi mdomo.

"Umezika nini katika nyumba yangu?" Mrindwa akauliza. Alitamani isiwe kweli, kwa sababu alikuwa ameanza kumpenda yule binti kama wa kumzaa.

Nanzia aliogopa sana. Alimtazama Kajiru, naye Kajiru akasogea akasimama upande wake. Hapo akapata moyo. "Baba, sikuzika kitu cha mtu," alisema. "Nimezika maganda ya ndizi ulizokula wewe. Yale ya jana bado yapo juu juu, unaweza kuyatambua."

Kuna mtu alicheka nyuma, akakanyagwa mguu.

"Na lile tenga nililokuja nalo," Nanzia akaendelea, "halikuwa la kwetu. Lilikuwa la kwenu. Sisi bondeni tumekua kwa vitu mnavyovitupa. Maisha yangu yote mmekuwa mkinilisha na hamkujua. Nimewarudishia kidogo tu."

Mrindwa hakujua ashike wapi. Mtu aliyezeeka na jambo moja kichwani haliachi hivi hivi mbele za watu. Akasema patachimbwa, na atachimba yeye. Akachukua jembe, akatanua miguu kama alivyozoea kwa ile ardhi ya kuliza jembe, akalishusha kwa nguvu zake zote. Jembe halikulia. Lilizama mpaka kwenye mpini, na mzee akalifuata. Akaanguka kifudifudi, uso wote ndani ya udongo, na ile heshima yake yote.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mrindwa akainua kichwa taratibu, na udongo ukamdondoka kwenye nyusi. Mbele ya pua yake, pale jembe lilipofunua, vilikuwa vikijinyonga vitu vidogo vyekundu, laini, visivyo na macho wala miguu. Vilikuwa vingi. Na kutoka kwavyo, kwa sauti ndogo ambayo ilibidi kuinama kuisikia, kikatoka kitu ambacho hakikuwa kimesikika Kishongo tangu Kajiru hajazaliwa.

"Na mimi je?"

Nakiete ndiye aliyeitambua kwanza. Alisukuma watu, akapiga magoti kando ya mumewe, akaweka kiganja juu ya udongo kama anavyowekewa mtoto mwenye homa. Machozi yalimtoka. "Ni yule yule," alisema. "Mume wangu, ni yule aliyenikaribisha. Miaka yote hii nilikuwa nikiukumbuka, na nilikuwa naogopa kusema."

Udongo ukasema, kwa ndimi zake ndogo zote pamoja, na watu waliinama kusikiliza. Ulisema ulimi wangu ulikatika njiani, na binti huyu amenirudishia vipande vyake kwenye tenga. Havitaungana tena. Hii ni mara ya mwisho mnanisikia, kwa hiyo, mzee Mrindwa, usiwe na wasiwasi, sitakuaibisha tena kwa wageni. Lakini hata nisiposema, nitaendelea kula. Mkitaka kujua kama nina uhai, chimbeni mtazame kama ndimi zangu zipo. Mkitaka kujua kama nimeshiba, angalieni vyungu vyenu na watoto wenu. Na mvua ya kwanza ikinigusa nitacheua. Mtasikia harufu yake, na mtajua nimesema asante.

Mrindwa alikuwa bado ameketi chini, amejaa udongo mpaka masikioni. Akaangalia mkononi, akakuta bado ameshika kipande cha muwa. Akatafuna kilichobaki, akatema makapi kwenye kiganja, akayatazama. Kisha akayaweka kwenye shimo, akayafunika. "Karibu," alisema. Halafu akaanza kucheka. Alicheka kicheko ambacho kilikuwa kimekaa ndani yake tangu siku ya wale wageni, na kijiji kizima kikapata ruhusa, kikacheka naye mpaka wengine wakakaa chini.

Siku ya sherehe ya mavuno chungu cha Nanzia hakikuhitaji kufunuliwa, maana kifuniko kilikuwa kimekataa kukaa. Kila mtu alionja maharage yake, na wazee wakafumba macho kwa sababu waliikumbuka ladha ile. Mashindano hayakuvunjwa, Mrindwa hakuweza kuishi bila mashindano. Aliyabadilisha tu. Kibuyu cha kwanza sasa kilikuwa cha mwenye biwi kubwa lililoiva vizuri, na mwaka wa kwanza alijipa ushindi mwenyewe, watu wakagombana naye. Mabua hayakuchomwa tena. Fagio zikabaki za nyumbani. Wakatumwa watu kwenda kuwaomba radhi maharusi waliorudishwa, na karibu wote wakarudi. Mmoja alikuwa ameshaolewa kwingine. Alituma salamu kwamba amewasamehe, na wampelekee ndizi.

Na bonde je? Kishongo hawakutaka kuwaacha watu wa mama yake Nanzia mikono mitupu baada ya kuacha kutupa taka. Wakawashushia ndama, wapate samadi yao wenyewe.

Na tangu siku hiyo udongo haujasema neno, lakini mvua ya kwanza ikinyesha wote tunasimama mlangoni tunavuta pumzi. Na tangu siku hiyo nyungunyungu wanakaa ardhini bila macho wala miguu, na ukimkuta shambani kwako unamfunika, kwa sababu ni ulimi wa mtu unayekula naye. Na tangu siku hiyo binti wa kwetu akiolewa hatoki mikono mitupu. Hutoka na tenga la mboji kutoka kwenye biwi la mama yake, na mama mkwe hulipokea kwa mikono miwili, akalimwaga yeye mwenyewe kwenye kishamba cha bi harusi. Udongo wa huko ukimuuliza umekuja na nini, anakuwa na jibu.

Nimemaliza. Sasa, Nietiwe, lile tenga unaloliona chafu, unajua ndani mna nini? Siku ulipozaliwa mama yako alifungua biwi jipya pale nyuma, na kila akichota, huacha kidogo cha chini kianzishe jingine. Hakulimaliza hata mara moja. Kila ganda la ndizi uliyokula katika nyumba hii limepita humo. Nywele zako za kwanza zimo. Maharage uliyotema utotoni kwa sababu hukuyapenda, yamo. Utoto wako wote umeiva, umekuwa mweusi, hauna uzito. Mama yako amekutilia kwenye tenga ili usiende kwa watu peke yako, na wewe unasema litachafua gauni.

Mbona umeacha kumenya? Usilie juu ya ndizi, zitapata chumvi kabla ya wakati. Unasemaje? Sema kwa sauti, mimi ni mzee.

Haya, mmoja wenu aende akakate jani la mgomba, alisokote vizuri. Bi harusi anaomba kata ya kichwani, anataka kujaribu uzito.